Homa ya Ziwa

Juzi sokoni Makanyagio niliinama kwenye fungu la dagaa, nikamuuliza muuzaji ni wa wapi. "Wa Mwanza, dada. Wa Ikola siku hizi utawatafuta kwa tochi." Nililipa nikaondoka, moyo mzito. Ikola, ndugu yangu, ndiko kwa bibi yangu.

Miaka ya tisini, shule zikifungwa, nilipandishwa lori la mizigo hapa Mpanda hadi kwake, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kutandaza dagaa mchangani na kufukuza kunguru. Mchana tulikula dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo unaounguza vidole. Ee, raha ile! Bibi hakuwa na shamba wala ng'ombe. Dagaa ndio waliomlisha.

Likizo moja nilimkuta mgeni, mtafiti, akishusha kipimajoto ziwani kwa kamba ndefu. Watu walimwita daktari, naye aliitika, maana kwa kusoma alikuwa daktari kweli.

"Anapima nini?" niliuliza.

"Homa ya ziwa!" jirani yetu mvuvi alijibu, na ufukwe mzima ukacheka. Bibi hakucheka. Dagaa walishaanza kupungua, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaanika. Akamwazima mtafiti mtumbwi wa marehemu babu, akampikia siku zote alizokaa.

Mtafiti alitueleza kwamba maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na ya chini, na chakula cha samaki kinabaki hukohuko chini. "Kama uji usiokorogwa," bibi akasema. Mtafiti akaongeza kwamba hata baharini matumbawe, mawe yenye uhai, yanapauka na kufa kwa joto hilohilo.

"Mawe yenye uhai!" jirani akashika mbavu. "Nyie, huyu jua limemwingia kichwani."

"Cheka tu," bibi alimwambia. "Mgonjwa akishapimwa, dawa inafuata."

Ndivyo tulivyojua sisi. Zahanati unapimwa, unakaa kwenye benchi kusubiri majibu, kisha unaitwa dirishani kuchukua dawa. Mtafiti alipofunga mizigo, bibi alimfungia dagaa wa njiani, akamuuliza majibu lini. "Nitayaleta, mama," alisema. Sidhani alidanganya.

Bibi akasubiri. Kila lori lililotoka Mpanda aliliendea: "Majibu yametoka?" Wapakizi walimzoea, wakawa wanamtania. Dagaa nao waliendelea kupungua, hadi likizo moja nikakaa mchangani na fimbo yangu na kunguru wenyewe hawakuja. Mwisho tulimhamishia kwetu Nsemulwa, hapahapa Mpanda. Dagaa wa Mwanza aliwasukuma pembeni ya sahani, akala mchicha. Alifia hapo, bado anauliza.

Mwaka huu redio ilitangaza kwamba wataalamu wamethibitisha: ziwa limepata joto, na samaki wanapungua kwa sababu hiyo. Nilisikiliza hadi mwisho, kisha zikaja salamu za wasikilizaji.

Majibu yametoka, bibi. Dawa hawakuitaja.