Mabano Yashuke au Yabaki Juu

Jumamosi iliyopita, katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mjini Kitale, niliketi karibu na wanafunzi wawili wa kompyuta, msichana wa Kiminini na mvulana wa Malakisi. Walikuwa wakiandika pamoja programu ya kupima maziwa ya wakulima, na mwalimu wao aliitaka kabla ya saa saba. Asiyeleta angerudia muhula.

Shida ilikuwa mabano, zile alama zenye kiuno zinazofungia maagizo ya kompyuta. Mvulana aliyafungua mwishoni mwa mstari. Msichana aliyashusha yakae peke yake mstari wa chini. Kila aliyeshika kibodi alianza kwa kupanga upya kazi ya mwenzake.

"Bana, si unamaliza karatasi na hizo nafasi zako!" mvulana akalalamika.

"Yangu inapumua. Yako ni kama watu wamebanana kwa kitanda."

"Kwani kompyuta inajali?"

"Haijali. Mimi ndio najali."

Saa sita na nusu msichana akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Wewe, kalia mikono."

Mvulana akaikalia kweli, akafumba macho asione mabano yakishuka. Baada ya muda programu ikakubali. Walipiga kelele mpaka mwenye saiba akamwaga chai.

"Sasa nipandishe moja tu," mvulana akaomba.

"Ati? Guza uone!"

Wakatoka mbio wakicheka.

Kwetu, mama na shangazi walipanga kuni jikoni miaka mingi, kila mmoja akibomoa rundo la mwenzake. Sikumbuki hata siku moja tuliyolala njaa.