Nyumba Iliyotandikwa Sponji

Fundi makochi wa mtaa wetu ni dada yangu, tumbo moja, na nampenda, lakini kichwa chake ni kigumu kuliko mbao anazopigilia misumari. Watu humwita Mama Sponji. Ukikaa kwenye kochi lake, kuinuka ni shughuli.

Mjukuu wake alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo wa kutosha kiganjani. Wiki nyingi alikaa ndani ya mashine ya joto hospitalini, na kila mara alichomwa sindano kisiginoni apimwe damu. Dada alikuwa anasimama nje ya kioo, haruhusiwi kumgusa. Mtu aliyezoea kurekebisha kila kitu kwa mikono yake, pale mikono ilikosa kazi.

Basi mtoto aliporudi nyumbani, mikono ikapata kazi. Alitandika sponji vyumba vyote, ukuta hadi ukuta, akaivalisha kitambaa laini. Hata miguu ya meza aliivika mito. Mimi nilimtania kwamba nyumba imegeuka kochi. Binti yake, mama wa mtoto, ndiye aliyejaribu kusema la maana.

"Mama, kliniki wamesema tumlaze kifudifudi chini, aguseguse vitu."

"Chini wapi, kwenye saruji? Baada ya yote yaliyompata? Umezaa juzi tu, leo unanifundisha kulea!"

Binti akamlaza mtoto juu ya sponji.

Watoto wa rika la mjukuu walitambaa, wakasimama, wakaanza kufukuzana uani. Wetu alikaa tu katikati ya sponji kama mgeni anayesubiri chai. Ukimshika nyayo, analia. Ukimsimamisha kwenye saruji nje, anakunja miguu yote tumboni. Mlango ukibamizwa, anatetemeka mwili mzima.

Mwishowe mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliitwa nyumbani. Alivua viatu, akavuka sebule akiyumba.

"Bibi, hata mimi nayumba," alisema kwa upole. "Mguu unajifunza kwa kukanyaga kitu kigumu. Hapa unazama tu, haujui uko wapi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemchelewesha?"

"Wengi wanaozaliwa mapema huchelewa, na nyayo zake zilichomwa sana. Kiasi gani ni hayo na kiasi gani ni sponji, hakuna atakayejua."

Nadhani dada angetukanwa angeumia kidogo kuliko hivyo. Alichukua kisu chake cha kazi akang'oa sponji yote siku hiyohiyo, huku analia waziwazi, hataki kusaidiwa. Tangu hapo, kila asubuhi alimsugua mjukuu wake nyayo taratibu kwa vipande vya vitambaa kutoka karakana: kwanza mahameli, baadaye turubai, mwisho gunia. Mtoto alilia, akazoea, akaanza hata kucheka. Dada hakucheka naye. Kila nikimpita alikuwa ananiuliza, "Lakini mdogo wangu, si angekuwa anakimbia sasa hivi?"

Juzi mchana mtoto alisimama ameegemea ukuta wa sebule. Mama yake alichuchumaa upande wa pili, akamnyooshea mikono. Mtoto akaachia ukuta. Akapiga hatua, akapiga nyingine, magoti yanacheza. Akayumba, na kabla hatujajua nini kinatokea, dada alikuwa ameshanyakua mto na kuutupa mbele yake. Mguu ukazama kwenye mto. Mtoto akaanguka, akaangua kilio.

"Mama," binti alisema. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Dada aliuvuta ule mto akaukalia, mikono akaibana chini ya mapaja.

"Nisamehe, mwanangu. Uliniambia mapema."

Macho ya binti yalikuwa kwa mtoto, ambaye alikuwa ameshaufuata ukuta tena. Akainuka, akaachia. Safari hii alipita mbele ya bibi yake bila kumtazama, nyayo tupu juu ya saruji, mpaka kifuani kwa mama yake.

Mimi nilipiga vigelegele. Dada hakupiga hata makofi. Mikono alikuwa bado ameikalia.