Athanase na Bunduki Aliyoiacha Nyamitaba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mihogo, Athanase anapanga risasi tano kwenye meza mbele ya nyumba yake. Wawindaji wawili wamesimama wakimsubiri. Anaokota moja, anaizungusha kati ya vidole, kisha anamrudishia mwenyewe.

"Na hii unaenda kupigia mbogo? Hapana, kaka. Hii iko ya mboloko," anasema. Mboloko ni paa mdogo wa msituni, hafiki hata magotini pa mtu.

Mwindaji anabisha kidogo. Anasema yeye akilenga hakosi. Athanase anamtazama usoni.

"Miye pia sikukuwa nakosa," anamjibu.

Mwindaji anaitia risasi mfukoni. Wawili hao wanaondoka na ngoma na vipande vya mabati, kwenda kumfukuza mbogo mashambani kwa kelele.

Athanase, mwenye miaka 57, ni mkulima katika kijiji kimoja cha Walikale, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Nyamitaba, huko Masisi. Wawindaji wa hapo humletea bunduki zao kabla ya kuingia msituni, naye huwaambia ipi inafaa mnyama gani. Malipo yake ni kipande cha nyama, nao wiki nyingi hurudi mikono mitupu. Yeye mwenyewe hajafyatua risasi kwa miaka kumi na mitatu.

Mwaka aliofyatua ya mwisho, mbogo dume alikuwa ameharibu karibu nusu ya mihogo ya kijiji na kumvunja mama mmoja mguu. Chifu akaamua auawe. Athanase alitumwa Nyamitaba pamoja na Déo, rafiki yake tangu shule ya msingi, kuazima bunduki kwa mfugaji aliyeitwa Papa Straton. Mzee huyo alikuwa na bunduki mbili zenye karatasi halali.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, kalibre, yaani unene wa risasi, milimita saba, risasi yake gramu tisa. Ya pili ilikuwa nzito, ile wanayoiita kwa Kifaransa "trois cent septante-cinq", mia tatu sabini na tano. Risasi yake ina unene wa milimita tisa na nusu, na uzito zaidi ya mara mbili ya ile nyingine.

"Papa Straton alituambia wazi," anasimulia Athanase. "Alisema: 'Ile ndogo iko ya swala na nguruwe. Mbogo iko na ngozi nguvu na mifupa nguvu. Inaomba risasi yenye itafika ndani, hapana ya kumukasirisha tu.'"

Wakazijaribu. Kwa ile nyepesi, Athanase alipasua vibuyu vitatu kwa risasi tatu. Ile nzito ilimsukuma begani hadi akaanguka kitako, na watu waliokuwa wakikamua ng'ombe wakaangua kicheko. Straton akamshauri apumzike, ajaribu tena kesho yake. Déo naye akamsihi: "Kaka, tubaki siku moja tu." Athanase akakataa. Akachukua nyepesi.

"Nilisikia haya, njo vile tu," anasema; "njo" ya huko ni "ndiyo". "Niliacha bunduki ya kweli juu ya kicheko."

Siku nne baadaye walimkuta mbogo pembeni mwa shamba, umbali wa hatua thelathini. Athanase akampiga mara mbili begani. Mnyama akayumba, kisha akatokomea kichakani.

"Nilipiga pale pale nilitaka. Risasi iliingia, lakini haikuenda mbali."

Walingoja. Kisha Déo akatangulia kufuata matone ya damu. Mbogo alikuwa amezunguka na kujibanza kando ya njia aliyopita mwenyewe, akamrukia Déo kabla hajainua mkono. Athanase alimpiga risasi tatu zaidi ndipo akaanguka. Déo alikata roho watu waliokuja mbio wakimfunga kwenye machela.

Joséphine-Marie, mjane wake, aliuliza swali moja tu: kwa nini walikwenda na bunduki ndogo?

"Papa Straton alitunyima ile kubwa," Athanase akajibu.

Mama huyo aliamini hivyo kwa miaka saba. Athanase alimlimia shamba na kumwezekea nyumba, mama naye alimtaja kanisani katika maombi yake.

Kisha vita ikaifukuza familia ya Straton kutoka Nyamitaba. Mzee alikuwa ameshafariki. Mkewe, Mama Uwamwezi, alifika kijijini na binti zake wawili mvua ikinyesha. Wakaelekezwa kwa Joséphine-Marie, aliyekuwa na chumba kitupu. Athanase alikuwa pale barazani akitengeneza kiti.

Joséphine-Marie aliposikia jina la Straton, uso ulimbadilika. "Bwana yako njo aliua wangu," akasema. "Hapa hamulale."

Mama Uwamwezi akamgeukia Athanase. "Papa Athanase, si ulikuwa kwetu? Sema basi."

Athanase akainamia kiti chake. Mama akajitwika mzigo, akawashika binti zake mikono, wakarudi kwenye mvua.

Usiku ule Athanase hakupata usingizi. Asubuhi akaenda kumweleza mjane kila kitu. Joséphine-Marie alitoka mbio hadi barabarani, lakini wageni walikuwa wameshaondoka. Hakumsemesha Athanase kwa miaka miwili.

"Mambo ya Déo ningeisamehe, muntu anakosea," anasema mama huyo, akipepeta mchele uani kwake. "Lakini alinifanya nifukuze mama mwenye hakunikosea kitu, na mvua ikimunyeshea, na batoto yake."

Tangu alipokiri, Athanase humsimulia kila mwindaji habari hiyo kabla ya kugusa risasi zake. Haruki sehemu yoyote, hata ile ya baraza.

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja alileta habari kwamba Mama Uwamwezi yuko Kibabi, huko huko Masisi, analima maharage. Athanase amepanga kwenda huko baada ya mavuno, barabara ikitulia.

"Siende kuomba kitu," anasema, akiwa ameketi uani kwa Joséphine-Marie. "Ao atanifukuza, ao atanisikiliza. Lakini ajue bwana yake alitupatia shauri ya muzuri."

Joséphine-Marie haachi kupepeta. "Tutaenda wote," anasema. "Lakini kwa mulango yake, wewe njo utaongea wa kwanza."