Usipa na Paka wa Mama Mkwe

Mwanangu, kabla hujamfungua huyo mtoto wa paka uliyetoka naye sokoni, hebu keti kwanza. Nakuona mkono umeshafika kwenye kamba ya kikapu. Uache. Naikumbuka siku niliyofungua kikapu kama hicho jikoni kwa mama mkwe wangu, hapahapa Kitura, nusura niharibu nyumba ya watu kabla hata sijamaliza mwaka ndani yake.

Mimi ni mtu wa chini, wa ziwani, Kihagara. Nimekulia kwenye harufu ya usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na nilipoolewa huku milimani kwa Wamatengo nilipanda na vitu viwili: mikono inayojua kazi na kichwa kigumu. Mikono ilinisaidia. Kichwa nacho kilitafuta mtu wa kukilainisha, na alipatikana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni Mbinga, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda na malori yao mpaka vijijini. Zamani kahawa ikikauka ilipelekwa chama cha ushirika, basi, yamekwisha. Sasa baba mkwe alisema yeye haharakishwi na mtu. Magunia yakapangwa ndani ya nyumba juu ya magogo, na mahindi ya mbegu pembeni, akimsubiri mnunuzi wa kumridhisha. Panya nao wakapata habari. Panya, mwanangu, anatoboa gunia, anaacha kinyesi chake katikati ya kahawa, na mnunuzi akikiona anageuza lori bila kuaga.

Waliotuokoa ni paka wawili wa mama mkwe. Mmoja alikuwa jike mweusi mwenye kifua cheupe, ndiyo maana watu walimwita Sista. Wa pili alikuwa dume la kijivu, jina lake Karani, kwa sababu alishinda amelala juu ya magunia akimtazama mwenzake akifanya kazi. Mwindaji alikuwa Sista. Mama mkwe alimtengea chakula kabla hajajipakulia mwenyewe, na hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kucheka.

Basi nikaenda kuwasalimia wazazi wangu, na mama akanipa mtoto wa paka. Usimchukulie rahisi. Uzao wa paka wa kwetu ulisifika mpaka Chiwanda, nami nilitaka watu wa milimani waone paka maana yake nini. Alikuwa mdogo na mwembamba, nikamwita Usipa. Njia nzima juu ya lori nilimpakata nikijisemea kwamba leo watanitambua.

Walinitambua kweli. Niliingia jikoni moja kwa moja, nikafungua kikapu mbele ya Sista na Karani. Kisha nikachukua bakuli la Sista, nikalijaza usipa wa kuchemsha, nikaliweka juu ya gunia analolalia Sista pembeni ya jiko, na Usipa nikamkalisha hapo ale. Kwetu mgeni hula kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikufikiri kwamba paka hajafundishwa hivyo.

Sista aliinuka polepole. Alinguruma, kisha akampiga Usipa mara moja tu, sikio likachanika. Karani akaparamia dari. Mimi, badala ya kumwondoa mtoto, nilishika mwiko nikamchapa Sista mgongoni. Alinitazama, mwanangu, kama mtu anayetaka kukuuliza una akili. Akatoka mlangoni, akapotelea kwenye miti ya kahawa, na hakurudi.

Paka akiondoka, panya hutawala. Siku ya pili tuliwasikia kwenye mahindi. Siku ya tatu gunia moja likatobolewa. Karani alishuka, akalitazama lile tundu, akapanda tena. Baba mkwe akauliza Sista yuko wapi, na mama mkwe akajibu kwamba ametembea kidogo, atarudi. Hakunitaja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana nilijua wazi kwamba nimemfukuza paka aliyekuwa nguzo ya nyumba yake, na yeye ananifunika shuka.

Mchana wa siku hiyo tukiwa wawili jikoni tunachambua maharage, aliniuliza bila kuinua macho:

“Ulipoletwa hapa kuolewa, ulifikia wapi?”

“Chumba cha ndani, Mama. Nilikaa na shangazi.”

“Siku ngapi?”

“Saba.”

“Na chungu changu ulikishika lini?”

Nilikishika baada ya mwezi mzima, na aliyenikabidhi ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

“Sasa,” akasema, “siku ile ya kwanza ningekukuta umekalia kigoda changu, unakula kwenye sahani yangu, halafu nikiuliza nachapwa mwiko, mimi ningebaki?”

Nililia, mwanangu. Nililia kwa aibu, maana hakunitukana hata neno moja, na kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Aliniacha nilie nikamaliza, kisha akanipa kazi.

Kwanza Usipa alihama jikoni. Nilimweka chumbani kwangu, mlango ukafungwa. Bakuli la Sista nikalisugua kwa majivu mpaka harufu ya samaki ikaisha, na gunia lake nikalirudisha palepale. Kumtafuta Sista pia niliachiwa mimi, kwa sababu mama mkwe alisema aliyempiga ndiye amwite. Nilimwona kwenye ngolo, yale mashamba yetu ya vishimo huko mtelemkoni. Kila asubuhi na kila alasiri nilimpelekea chakula, nikakiweka, nikarudi nyuma, nikakaa. Watu waliokuwa wakipita kwenda shambani walinicheka, wakasema Mnyasa siku hizi anachunga paka. Nikameza. Siku mbili Sista alinitazama tu. Siku ya tatu akala. Siku ya tano akanifuata mpaka mlangoni, akaingia, akanusa bakuli, akanusa gunia, akalala. Nilitaka kupiga vigelegele, mama mkwe akaweka kidole mdomoni.

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha kupokea. Nilimsugua Usipa kwa kipande cha kitenge kikuukuu, nikakiweka karibu na gunia la Sista. Sista akakingurumia, akalala mbali nacho. Kesho yake akalala karibu. Keshokutwa akakilalia kabisa. Kipande cha gunia lake nacho nikampelekea Usipa. Kisha tukawalisha mmoja huku, mmoja kule, mlango uliofungwa katikati, na kila siku tukisogeza mabakuli kidogo. Walipozoea kula hivyo, tuliacha upenyo wa vidole viwili waonane. Na kila siku Sista alitengewa kwanza, akashikwa kichwa kwanza, akaitwa jina kwanza. Mwenda pole hajikwai. Karani yeye alimkubali Usipa siku ileile walipoonana tena kwenye upenyo. Kwake mtu yeyote alikuwa sawa, ili mradi asimpe kazi.

Wiki ya tatu tukaufungua mlango. Hawakupendana papo hapo, nisikudanganye. Walipishana tu, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Halafu ikafika siku wanaume wa ukoo wamekusanyika sengu, yaani pale uani kwa baba mkwe wanapokula pamoja na kuzungumza mambo ya familia. Sista akatokea kwenye magunia na panya mdomoni, bado anapumua. Akapita mbele ya wazee wote, akampita Karani, akamweka panya mbele ya Usipa, akarudi nyuma akakaa. Usipa akaruka, akamkosa. Sista akamzuia panya kwa mguu, akamrudisha. Usipa akakosa tena. Akarudishiwa tena. Mara ya tatu akamkamata, na wazee wakaacha kula.

Baba mkwe akauliza nani amewapatanisha hawa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni Mama, kwa sababu ujuzi wote ulikuwa wake. Yeye akaniwahi kutoka mlangoni mwa jiko.

“Ni mke wa mwanangu,” akasema. “Aliharibu mwenyewe, na ametengeneza mwenyewe.”

Mbele ya ukoo mzima, mwanangu. Tangu siku ile sikutembea tena huku milimani kama mgeni, na naringa mpaka leo, tena umri unaniruhusu.

Kwa hiyo nisikie. Unapoleta mgeni nyumbani, awe paka, awe mkwe, awe mtoto wa ndugu yako, usianze kwa kumpa kilicho cha mwingine. Mpe pembe yake na sahani yake. Waache wazoeane harufu kabla ya macho, na macho kabla ya meno, na siku zikienda usizihesabu. Mwenyeji umheshimu zaidi wakati huo kuliko wakati wowote, kwa sababu ndiye anayeogopa. Ukikosea, usitume mtu, nenda mwenyewe ukakae shambani mpaka akuamini. Na siku ukiwa mkubwa, kijana akitengeneza alichoharibu, msifie mbele za watu.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie nyumba yenye wengi, na kila aliyemo alale akijua hakuna aliyechukua nafasi yake.