Kidole Gumba Mara Tatu

Marehemu baba alikuwa mkausha tumbaku huko Ushetu. Bani, kile kibanda cha kukaushia, kikivuja joto, jani linaharibika na mimi nachapwa. Basi akanifundisha kuziba: tope zito, kiganja kipite mara moja, halafu kidole gumba kibonyeze mara tatu pembeni. Shule niliishia la pili, lakini kuziba najua.

Nayasema haya kwa sababu ya ile vita ya mashimo.

Tulikuwa tunachimba dhahabu upande wa Rwamgasa, sisi na jirani zetu, kila kundi na shimo lake. Asubuhi hiyo tulikunywa uji wa Kabula, binti aliyekuwa akituuzia pale juu, tukataniana, tukashuka. Huko chini mwamba ukatoboka, tukatazamana na jirani uso kwa uso, dhahabu katikati. Mwenzetu mmoja alipigwa nyundo ya kichwa, akafa palepale. Na sisi tukapiga. Tochi zilizimika, nilipiga palipohema mtu.

Jirani waliporudi nyuma shimoni kwao, kiongozi wetu akasukuma tairi linalowaka tunduni.

"Ziba."

Nikaziba.

Ngo, ngo, ngo. Mgongo wa mwamba kutoka upande wa pili; kwa wachimbaji, maana yake kuna mtu hai.

Nikaongeza tope.

Juu nako walikuwa wanakatana mapanga. Nilimkuta Kabula kakatwa panga mkononi, nikambeba hadi barabarani. Mgongoni alikuwa analia jina la mdogo wake, Masanja, aliyekuwa shimo la jirani. Kwa hiyo nilijua. Nilijua, na bado nikampenda.

Tukahamia Kharumwa, tukaishi kama mke na mume, tukamzaa Sayi. Mlango hatukufunga, usiku wala mchana. Wote wawili tulikuwa hatuwezi kulala pamezibwa. Mwaka wa tatu akaniambia, "Baba Sayi, panya wako wananenepa kuliko mimi. Ziba lile tundu."

Mkono ukafanya kazi yake wenyewe. Kugeuka, namkuta anautazama ukuta.

"Nani kakufundisha kuziba hivyo?"

"Baba."

"Walipomtoa Masanja walipanda na bonge la tope lililomzibia. Lina alama tatu za kidole gumba pembeni. Nililifunga kwenye khanga yangu."



Akanyoosha ule mkono wenye kovu, akagonga ukuta. Ngo, ngo, ngo. Akasubiri, kama mtu anayetaka aitikiwe.

Nikanawa tope, nikatoka kwa mlango ule tusioufunga, nikashika njia ya Kahama.

Sijarudi.