Programu za Shemeji

Siku ya gwaride la makurutu wa polisi kufuzu, Kiganjo, penye chuo chao, hukosa pa kuweka mguu. Wazazi hushuka kutoka kila pembe ya Kenya wakiwa na nguo zao za Krismasi, na kila mmoja anataka kurudi nyumbani na picha ya karatasi, mtoto akiwa ndani ya sare mpya. Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na studio ndogo kando ya barabara. Mimi nilipiga picha na kuzichapa, yeye alizikata na kuongea na wateja. Siku kama hiyo ndiyo iliyotuvusha hadi gwaride lingine.

Na ni siku moja kama hiyo kompyuta yetu ilipochagua kukwama. Haikuzima. Ukibonyeza picha, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na taa ya diski inawaka bila kupumzika kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye gunia la mahindi. Picha moja ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa.

Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyetoka upande wa Vihiga. Nilikuwa nimempiga picha na mwanawe nje, manyunyu yakianguka, na kabla sijabonyeza kamera, yule kijana alimrekebishia mama yake kitambaa cha kichwa. Kisha akamkumbatia akarudi kambini, mama akabaki kusubiri picha. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Hakukuwa na namna ya kumtumia.

"Bado, mwanangu?" akaniuliza.

"Bado kidogo, mama. Mashine inakataa kufungua."

"Na basi yetu inapiga honi."

Shemeji yangu, bwana wa dada, alikuwa ameegemea mlango akila mahindi ya kuchoma. Alikuwa amesoma kozi ya kompyuta kule Kenol, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa chochote ndani ya mashine ile ila yeye, ingawa mimi na dada ndio tulioinunua.

"Shemeji," nikamwita, "uliifanya nini hii mashine?"

"Niliiongezea nguvu juzi. Iko sawa kabisa." Hata hakuacha kutafuna. "Ni wewe unaiharakisha. Wachana na kubonyeza-bonyeza, ati itajimaliza."

Honi ikalia tena, ndefu. Yule mama akasimama, akakunja leso yake, akasema Mungu akipenda atamwona mwanawe siku nyingine, na akatoka. Nilipopata akili ya kumkimbilia nimwombe namba ya simu, basi lilikuwa tayari linapanda barabara.

Nikarudi ndani. Shemeji akaniangalia, akasema, "Ni picha tu. Atapigwa ingine."

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile. Ni picha tu! Mtu amesafiri usiku kucha, amesimama kwenye baridi ya mlima, anarudi mikono mitupu, na wewe unatafuna mahindi!

Niliketi, nikabonyeza vile vitufe vitatu vya kibodi pamoja, nikasubiri hadi lilipofunguka dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi na kumbukumbu ambayo kila moja imeshika. Kumbukumbu ya kompyuta, ile watu huita RAM, ni kama meza ya kazi. Meza ikijaa, mashine inaanza kupeleka vitu kwenye diski na kuvirudisha, na hapo ndipo inapotambaa. Meza yetu ilikuwa imejaa pomoni. Kulikuwa na programu tatu alizozitoa shemeji mtandaoni, zote zikijiita za kusafisha na kuongeza kasi, zote zikiwaka zenyewe mara tu mashine inapowashwa. Kulikuwa na mbili za kuzuia virusi, zikichunguzana. Programu yangu ya picha ilikuwa imesukumwa pembeni kama mtoto wa kambo.

"Hizi ndizo nguvu uliongeza?" nikamuuliza. "Hizi ndizo zimekula kumbukumbu yote!"

"Hizo zinasafisha kumbukumbu."

"Zinasafisha zikiwa zimeikalia?"

"Wewe ni mtu ya kamera. Kompyuta niachie mimi."

Nikamwambia atoke. Nilimwambia kwa sauti ambayo wateja wote walisikia, na sauti hiyo haikumuumiza yeye bali dada yangu. Akaweka makasi chini. "Usimwongeleshe bwana yangu hivyo mbele ya watu," akasema. Wateja wakaangalia sakafu. Lile neno la dada lilinichoma kuliko mengine yote, kwa sababu yeye pia alikuwa amemwona yule mama akiondoka.

Niliziondoa zile tatu za kusafisha, moja baada ya nyingine. Nikabakiza kizuia virusi kimoja. Programu nyingine zilizojiwasha zenyewe bila kazi nikazizuia, kisha nikaizima mashine na kuiwasha upya. Picha ya yule mama ikafunguka mara moja, kitambaa kimekaa vizuri kichwani, na nikawa na hasira zaidi. Kwa hivyo kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Niliichapa. Kesho yake niliipeleka hadi langoni mwa chuo. Askari wa zamu aliitazama kwa upole, akaniambia wale vijana wameshapelekwa vituoni, na bila jina hawezi kunisaidia. Jina sikuwa nalo.

Baadaye tulikwenda Nyeri mjini, mimi na dada, tukiwa hatuongei, tukaibeba ile kompyuta dukani. Muuzaji alifungua ubavu wake akatuonyesha: kipande kimoja cha RAM, na kando yake nafasi tupu, inangoja. Shemeji alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba hakuna haja, kwamba hiyo nafasi si ya kitu. Dada aliitazama kwa muda mrefu. "Weka," akamwambia muuzaji, na njiani kurudi ndiye aliyeanza kuongea, habari za mvua, habari za mtoto wake, chochote kisichokuwa kile kilichotokea.

Gwaride lililofuata, shemeji alikuja na flashi ya kompyuta mkononi. Kuna programu mpya, alisema, ya moto kabisa. Aliinama aichomeke, na dada akaufunika mlango wa flashi kwa kiganja chake.

"Toa mkono," dada akasema.

"Mama, hii ni ya bure!" shemeji akamlalamikia mkewe.

"Nimesema toa mkono."

Shemeji alitoka akiubamiza mlango. Siku hizi tukikutana ananisalimu kwa kidevu, na dada anasema nimsamehe kwa sababu hakukusudia. Labda hakukusudia. Lakini hajawahi kusema pole, si kwangu, si kwa dada, na mimi nimekataa kumsamehe kana kwamba ameshaisema.