Yungiyungi Halipatani Bei

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyoharibu ua kwa kucha zangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu na haraka nyingi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na moja, mtoto wa mfugaji wa Kisesa. Mama Koku, mwenye gesti ndogo kando ya ziwa hapa Mwanza, alinichukua kwa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupokea wageni, na kutunza vyungu sita vya yungiyungi la amani pale mapokezi. Nilivihesabu mara mbili, vikabaki sita. Bila shaka umewahi kuliona: majani mapana ya kijani, na likiamua, hutoa ua jeupe lililosimama kama kijiko. Haya yalikuwa hayajaamua tangu yanunuliwe.

"Binti," Mama Koku akasema, "yakichanua, kazi ni yako. Yasipochanua hadi Pasaka, kuyatazama naweza mwenyewe."

Nikaomba Krismasi. Tukakutana mwisho wa Juni, nikajiona mjanja. Lakini nilikuwa na hofu, maana mzee wangu alishasema nikirudi bila kazi kuna mchumba kule Magu ananisubiri, mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Sasa kwetu, mwanangu, dawa ya kila kisichozaa ni samadi. Mahindi yamedumaa? Samadi. Pamba imenyong'onyea? Samadi. Nikaleta kiroba kizima kutoka zizini kwa baba, nikahamishia maua kwenye ndoo kubwa, nikayashindilia, nikawa nayamwagia maji asubuhi na jioni. Majani yakanenepa kama masikio ya tembo. Wageni wakiuliza harufu ile inatoka wapi, nawaambia ziwani. Ua, hata moja. Nikayatoa nje yapigwe jua la saa sita, yakaungua kingo, yakawa rangi ya chai.

Bibi Minza, aliyekuwa akifua mashuka ya gesti, alinitazama siku nyingi. Siku moja nikapita na ndoo yangu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hivi wewe, unanenepesha ng'ombe wa mnada au unatunza ua?"

"Si linataka chakula, bibi?"

"Limeshiba majani, maua litayakumbuka saa ngapi? Ondoa hayo mavi. Lirudishe kwenye chungu chake kidogo, mizizi ibanane. Liweke karibu na dirisha, lipate mwanga lakini jua lisiliguse. Chovya kidole kwenye udongo. Pakikauka juu, ndipo umwagilie. Futa vumbi kwenye majani. Halafu ukae."

"Nikae mpaka lini?"

"Haya, sasa hapo unapatana bei na nani?"

Nikatii, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu ninayo miwili tu. Majani yaliyoungua nikayakata, mapya yakatoka. Kila asubuhi nikawa nayahesabu, nikimaliza narudia. Wiki ya mwisho ya Juni, kwenye chungu cha tatu, nikaona kitu chembamba cha kijani-cheupe kimejikunja kama sigara katikati ya majani. Ua! Lakini lilikuwa limefumba, na Mama Koku anakuja kesho yake. Nikasema, wacha nilisaidie. Nikaingiza kucha, nikalikunjua taratibu. Likachanika. Ndani lilikuwa bichi, laini, halijafika popote.

Bibi Minza akasimama mlangoni na beseni lake. "Umemtoa mtoto kabla ya miezi," akasema. "Basi umwambie mwenye mali wewe, kabla sijamwambia mimi."

Mama Koku alipofika nikamweleza yote: samadi, jua, kucha, hata yule mchumba wa Magu. Sikuomba hata siku moja ya nyongeza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusema bei ya kwanza ikawa ndiyo ya mwisho.

Akavizunguka vyungu. Kwenye cha tano akainama, akasogeza jani.

"Na hili?"

Lilikuwepo jingine, limejificha chini. Mimi nilihesabu mara mbili nikapata moja. Yeye alitazama mara moja akaona la pili.

"Hili ukiligusa," akasema, "Magu nakupeleka mwenyewe."

Nikaweka mikono nyuma ya mgongo. Siku ya tisa likafunguka, jeupe kabisa, bila msaada wa mtu. Gesti ile nilikaa miaka kumi na moja.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa na yungiyungi lisilochanua, lipe mwanga, maji kwa kiasi, chungu kisicholizidi, na uliache. Na ukiwa na mtoto, au kazi, au mchumba, usidhani kila kinachochelewa kina njaa. Vingine umevilisha kupita kiasi, vingine umevianika juani ukisema unavisaidia. Mvumilivu hula mbivu. Mwenye pupa huzila mbichi, halafu akalaumu mti. Na ukiharibu, sema mapema, kwa mdomo wako, bila kupunguza.

Mungu akupe mwanga unaokuza usiounguza, akutulize vidole vyako, na kila unalolingoja lifunguke kwa wakati wake ukiwa hapo unaliona. Amina.